Wesley Ameonekana Jeddah

Ijumaa moja, baada ya wali na nyama ya kondoo, Chebet alikuwa amepiga magoti kwenye zulia akikunja sufra, kile kitambaa cha plastiki cha kulia, pamoja na mifupa yake, wakati familia ilipoanza tena ubishi wake wa kila wiki. Lama, binti wa nyumba, alitaka wajiunge na filamu za mtandaoni kama binamu zake. Unabonyeza, filamu inaanza. Baba yake, Bwana Turki, alitaka waendelee kukodi diski zinazokuja kwa posta. Diski, alisema, imepita kwenye mikono ya watu. Kuna mtu amekaa akaitazama kwanza, akakata mabusu. Mtandao haujapita kwenye mikono ya mtu yeyote. Mkewe, Madam Abeer, alikuwa hajaamua. Ulikuwa ule mwaka ambao majumba ya sinema yalifunguliwa na wanawake wakaruhusiwa kuendesha gari, na Madam alikuwa na mambo mengi ya kuamua.

Diski zilitoka kwenye bohari moja huko Al-Sulay, Riyadh, ndani ya bahasha za njano. Ukishatazama unairudisha diski kwenye bahasha yake, unampa mtu wa posta, halafu inakuja nyingine; na unaweza kukaa na kadhaa kwa wakati mmoja. Chebet aliijua bohari hiyo kwa jina kwa sababu mumewe, Wesley, alifanya kazi humo, ya kupanga na kufunga. Wawili hao walitoka Kapsabet kwa wakala mmoja, wakiamini kwamba Saudia ni mahali pamoja. Wakala hakuwaambia kwamba kati ya Riyadh na Jeddah kuna jangwa la kutwa nzima kwa basi, wala kwamba mfanyakazi wa ndani hapewi ruhusa ya kupanda basi hilo. Tangu wafike walionana kwenye simu tu. Kisha simu ya Wesley ikawa haishiki.

Ijumaa hiyo ubishi haukuisha, kwa hiyo wakaweka diski iliyokuwapo. Ilikuwa filamu ya polisi. Shujaa alikimbia katikati ya soko akiwafukuza majambazi, na nyuma yake, kati ya vibanda vya matunda, akapita Wesley akiwa na katoni begani. Alikuwa amevaa ile sare ya bluu ya kampuni. Alitazama mbele, akapita, akatoka upande wa pili wa skrini.

Chebet alikuwa amesimama na birika la kahawa. Alijaza vikombe vyote mpaka cha mwisho. Alifikiri: kumbe ndiyo maana simu haishiki.

"Huyu hafanani na watu wa hiyo filamu," Bwana Turki alisema.

"Ni mfanyakazi, Baba," Lama akajibu, na filamu ikaendelea.

Diski iliyofuata ilikuwa hadithi ya mapenzi katika nchi ya theluji. Wapenzi walipokuwa wakiagana kwenye stesheni, Wesley alisimama nyuma yao na sare ileile, mikono ameificha kwapani, midomo imebabuka kwa baridi. Madam alisema wangemtafutia koti. Baada ya hiyo ilikuja ya mapishi, na Wesley akawa ameketi kwenye meza ya pembeni mbele ya sahani tupu. Chebet alipopita na trei alimtazama, naye Wesley akainua macho akamtazama. Ndipo Chebet akasema, kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Madam, huyu ni mume wangu."

"Ni mrefu," alisema Madam. "Leta sukari."

Hakuna aliyemkasirikia Wesley wakati huo. Lama hata alimpenda. Binamu zake walipokuja kutembea, aliwawekea ile filamu ya polisi, akamrudisha Wesley nyuma kwa rimoti, akamwachia, akamrudisha tena. Kila aliporudishwa Wesley ilimbidi ainame, aichukue katoni upya, aibebe begani. Binamu walicheka. Baada ya muda sare ikaloa jasho mgongoni, na katoni ikawa inamponyoka kabla hajafika kwenye vibanda.

"Lama, halas, inatosha," Chebet alisema. "Amechoka."

"Hahisi kitu. Ni filamu."

"Anahisi."

Lama alimtazama kidogo, bila ubaya, kisha akabonyeza tena. Madam akaita kutoka jikoni kwamba chai ya wageni inapoa.

Wesley alianza kusema kwenye diski iliyofuata. Alisema kwa lugha ya kwao, ambayo katika nyumba ile Chebet peke yake aliijua, lakini yale maandishi ya Kiarabu yaliyo chini ya skrini yalimtafsiri neno kwa neno, hata familia ikasoma. Shujaa na mamake walikuwa wakipatana kwenye varanda. Wesley akasogea mpaka katikati yao.

"Mama Jerop," alimwambia mkewe, "rafu iliniangukia. Ile ndefu ya ukutani. Tulisema imepinda. Sasa niko kwenye friji ya hospitali hapa Riyadh, na wameniandika kuwa sijulikani. Waambie jina langu. Mama azike mtu."

Kisha akasimama tu pale, na yale maneno ya kupatana hayakusikika tena.

"Ameiharibu sehemu nzuri," alisema Bwana Turki.

Chebet aliomba ruhusa, akaenda chumba cha kufulia, akampigia Nahashon, Mkenya aliyelala kitanda cha juu ya Wesley kwenye kambi ya wafanyakazi, akamuuliza habari ya rafu. Nahashon alikuwa anakula, Chebet alisikia anaweka kijiko chini.

"Ni kweli, shemeji," alisema hatimaye. "Tulimtoa chini ya diski. Zilikuwa nyingi, zinateleza, ukivuta moja zinakuja zingine. Wakamweka kwenye pikapu. Asubuhi meneja akatuambia Wesley ametoroka kazi, ameshaandikiwa huruub."

"Mtu amekufa, anatoroka aje?"

"Ukiandikiwa mtoro, kampuni haihusiki na wewe tena. Hata sanduku la kukurudisha nyumbani si juu yao." Akavuta pumzi. "Ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, iko kwa kafili aliyeniajiri. Usinitaje, shemeji. Mimi nina watoto."

"Hata Wesley ana watoto."

"Najua," alisema Nahashon, akakata.

Chebet alirudi sebuleni akamweleza Madam yote isipokuwa jina la Nahashon. Madam Abeer hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefiwa na kaka yake mwaka uliotangulia, na alijua namna mtu anavyohitaji kaburi la kwenda kusimama. Kesho yake, baada ya alasiri, aliipigia simu kampuni ya diski, akaweka spika, akamwita Chebet akae karibu naye. Aliyepokea alikuwa kijana mpole aliyesema anaitwa Ayman. Madam alimweleza kwamba mfanyakazi wao wa bohari anatokea kwenye kila filamu wanayoletewa, na kwamba anadai amekufa.

"Samahani kwa usumbufu, madam," alisema Ayman. Alisikika akipiga kicharazio. "Tunamtafuta sana huyu. Nani amemwona?"

"Sote. Lakini mfanyakazi wangu ndiye mkewe. Chebet, ongea naye."

"Dada, umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona."

"Una hakika ni yeye?"

"Ni mume wangu."

"Mara ya mwisho lini?"

"Jana."

"Alikuwa anasema?"

"Alikuwa anasema."

"Hapo mlipo ni wapi?"

"Al-Safa. Jeddah."

"Amesema amekufa," Chebet aliongeza. "Amesema yuko kwenye friji. Muandike jina lake."

"Watoro husema mengi," Ayman alijibu kwa upole. "Shukran sana, dada. Umetusaidia. Madam, ushauri tu: sheria inamshika pia anayemweka mtoro nyumbani kwake. Siku njema."

Madam akamtuma Chebet akatoe nguo kwenye kamba.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko kawaida ya nchi ile. Hospitali ya Riyadh ilikuwa imeshaiuliza kampuni mara mbili kama yule mtu wa friji ni wao. Sasa kampuni ilikuwa na jibu. Mtu wao yuko Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Ameonekana na familia nzima, na mke wake mwenyewe amethibitisha kwamba anatembea na anasema. Kwa hiyo yule wa friji ni mwingine. Hospitali ikaridhika, na maiti ikazikwa bila jina. Nahashon ndiye aliyempigia Chebet kumwambia, na alipomaliza hakukata simu, alibaki akipumua mpaka Chebet akakata yeye.

Bwana Turki aliposikia habari ya kumweka mtoro alisema diski basi. Hakubishana tena. Aliuliza tu kama mtandaoni kuna namna ya kuzuia mabusu, Lama akasema ipo, jambo ambalo halikuwa kweli, na jioni hiyohiyo fundi akaja kufunga kisanduku cha mtandao. Madam akakusanya diski zote zilizokuwa zimebaki nyumbani, akampa Chebet pamoja na bahasha zake.

"Madam, niachie moja."

"Si zetu, Chebet. Kampuni inazitaka zote." Alikuwa ameshika ufunguo wa gari lake jipya, na familia ilikuwa inamngoja mlangoni waende baharini. Akageuka. "Sisi tutachelewa kidogo. Ukitaka kutazama moja kabla hujafunga, tazama."

Chebet alifunga mlango nyuma yao. Aliweka filamu ya wapanda farasi, akakaa chini kwenye zulia, kwa kuwa kwenye kochi hakuzoea. Wesley alitokea mapema. Safari hii hakubeba kitu.

"Mama Jerop. Umekonda."

"Ni kazi."

"Hospitali wamesemaje?"

Chebet alikuwa amejipanga kumficha, lakini alikuwa hajawahi kumdanganya mtu huyu uso kwa uso.

"Wamesema uko hai."

Wesley alifikiri. Farasi walipita nyuma yake, vumbi likamfika kiunoni.

"Nani amewaambia?"

"Mimi. Waliniuliza kama nimekuona."

"Sasa ungesema nini," alisema Wesley. Hakukasirika. Hata Kapsabet, ng'ombe akivunja ua, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kukasirika. Akajishika mikono, akaigeuzageuza. "Lakini baridi imeisha. Tangu juzi siisikii."

"Wamekuzika."

"Wapi?"

"Sijui. Hawakuweka jina."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa nyumba. Wakakaa hivyo, yeye kule na Chebet huku, wakaongea mambo ya nyumbani: meno ya Jerop, mahindi ya mwaka huo, yule jirani Zablon aliyehamisha mpaka wa shamba. Vita vya kwenye filamu vilipiganwa vikaisha bila wao kutazama. Mwishoni muziki ukaanza, na majina ya watu waliofanya kazi yakapanda juu ya skrini, yakipita usoni pa Wesley: waigizaji, mafundi wa taa, wapishi, hata waliowalisha farasi. Chebet aliyasoma yote. La Wesley halikuwamo.

"Mama akiuliza," Wesley alisema katikati ya majina, "mwambie walivyosema wao. Usimwambie zaidi."

Skrini ikawa nyeusi.

Chebet aliitoa diski ikiwa bado na joto. Aliitia kwenye bahasha, na nyingine kwenye zake, akapitisha ulimi kwenye gundi, moja baada ya nyingine, akabonyeza kwa kiganja. Mtu wa posta alipogonga aliuliza kama ni zote. Chebet akamwambia ni zote. Baadaye ilisikika kwamba wateja wengine pia walikuwa wamelalamika, na kampuni ikazisaga diski zote alizowahi kuzigusa Wesley.

Filamu za mtandaoni zilipendwa na kila mtu. Picha ilikuwa safi. Nyuma ya waigizaji hapakuwa na mtu, na kama yupo alikuwa amelipwa kuwapo. Bwana Turki aligeuka na kutazama pembeni mabusu yalipofika, kisha akaacha kugeuka. Madam alimwambia Chebet anaweza kusimama mlangoni kutazama akimaliza vyombo, na mara nyingine Chebet alisimama.

Kampuni ilimjulisha wakala wa Nairobi, na wakala akaijulisha familia, kwamba Wesley ametoroka kazi na anaishi Jeddah kwa mkewe. Mamake Wesley alipiga simu Ijumaa. Chebet alikuwa akipanga viatu vya wageni. Mama mkwe alianza kwa kulia, kisha akashukuru, kwa sababu alikuwa ameota vibaya. Akasema hamlaumu mwanawe kwa kutoroka. Mwanamume hawezi kukaa mbali na nyumba yake milele.

"Mpe simu niongee naye."

"Ametoka kidogo, mama."

"Akirudi mwambie anipigie."

"Nitamwambia."

"Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Na wewe usimgombeze, Mama Jerop. Muache apumzike."

Ijumaa iliyofuata alipiga tena, na Chebet akamwambia Wesley amelala.