Sahihi ya Mwenye Mbwa

Kila asubuhi, kabla sijafungua kompyuta ya kazi, nilimpigia Baba simu ya video. Mimi nilikuwa Walukuba, Jinja. Yeye Mbale, katika nyumba aliyojenga alipostaafu kazi ya magereza. Hatukuwa na mengi ya kusema. Alikuwa akiishusha simu mpaka chini, mbwa wangu ananusa kioo, nami namwita, "Mukene! Mukene!" Mbwa alizunguka ua mzima akitafuta nilikojificha. Kisha Baba alisema, "Haya, gwaride limekwisha," na kukata.

Jumanne ile simu haikushuka. Baba aliinua karatasi mbele ya uso wake.

"Hii nini?"

"Kadi ya chanjo ya Mukene, Baba."

"Hapa wameandika Koplo. Mwenye mbwa, Afande Wamboga. Adrisi, daktari wa mifugo, alipita jana, anasema bila sahihi yangu hii mbwa haipandi ndege. Kweli?"

"Kweli. Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka lini?"

Akakata.

Mbwa ni wangu. Nilimwokota Masese, palipoanikwa wale dagaa tunaowaita mukene, mdomo umemjaa, hata hakujali kufukuzwa. Mwenye nyumba wangu hakutaka mbwa, ndiyo maana nikampeleka Mbale, na Baba akampa cheo cha Koplo siku hiyohiyo. Adrisi alipokuja kuchanja, aliandika alichoambiwa na mtu aliyemkuta nyumbani.

Kosa dogo, lakini sasa lilikuwa limenikaba. Kampuni ya Ujerumani niliyoiandikia programu kwa miaka mitatu ilikuwa imeniita nikafanyie kazi kwao. Viza ilikuwa tayari. Mukene alikuwa na chipu yenye namba chini ya ngozi, damu yake imepelekwa Ulaya kupimwa, Baba akidhani ni chanjo tu, miezi mitatu ya kusubiri imekwisha. Ilibaki barua ya mwenye mbwa, yenye sahihi yake na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, ifike Entebbe kabla ya Ijumaa jioni. Isipofika, ningesafiri peke yangu.

Baba nilimwambia mkataba ni wa miaka miwili. Sikudanganya, ndivyo ulivyoandikwa. Sikumwambia kwamba kila jioni nilijifunza Kijerumani kwa ajili ya mtihani wa kibali cha ukaaji wa kudumu, wala kwamba masharti ya kibali hicho nilikuwa nimeyasoma mpaka nikayajua kwa moyo.

Mchana Shangazi Topista, dada yake Baba, alinipigia.

"Nandutu, mmegombana?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Alikuja dukani jana. Anauliza, mtu akienda huko, anarudishwa na serikali yao, au anarudi akipenda mwenyewe?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, afande, mimi nauza sabuni."

Nilicheka kidogo, kisha nikaogopa. Baba haulizi ovyo. Enzi zake kazini, akianza kuwauliza watu wa pembeni, ujue jalada lako limeshafunguliwa.

Jumatano nilipanda basi la asubuhi. Nilipofika, Mukene hakunikimbilia. Alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya baraza, analia na kujipinda. Hakuwahi kufungwa tangu nimwokote.

"Mbona umemfunga?"

"Mahabusu," Baba alisema. Hakucheka.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anatwanga karanga za kutia kwenye malewa, ile mboga ya machipukizi ya mianzi. Kadi haikuwa mezani. Wala haikuwa kwenye rafu anapoweka karatasi zake. Nilitazama nikijifanya natafuta maji. Nikawaza, ameificha. Nikawaza, labda ameichana.

"Kaa, mama. Hiyo kampuni inakupa nyumba?"

"Miezi mitatu ya kwanza."

"Pasipoti atashika nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Na habari za mbwa wanazijua?"

"Wanajua. Walisema nije naye."

"Ehe." Alitwanga mara mbili, tatu. "Mimi gerezani nimelinda watu waliopeleka watoto wa watu nje, kazi ya kompyuta, kazi ya kompyuta. Wakifika, pasipoti inachukuliwa, mlango unafungwa. Lakini hao hawajawahi kusema leta mbwa. Kwa hiyo hawa wako si wezi."

"Si wezi, Baba."

"Miaka miwili, sivyo?"

"Mkataba ni wa miaka miwili."

"Sikuuliza mkataba."

Nilitazama kinu. Tangu utoto jibu langu kwake limekuwa moja: sawa, Baba. Lakini hapo hapakuwa na swali la kujibiwa sawa.

"Miaka miwili Koplo anaweza kula kwangu," alisema. "Nimemnyima posho? Tazama tumbo hilo. Sasa mimi najiuliza, damu imevuka bahari, miezi imesubiriwa, barua, muhuri, kwa nini? Gerezani, mahabusu akienda kortini na anajua jioni atarudi, anaacha kikombe chake. Akiondoka na kikombe, hata kama hajasema kitu, askari wa mlango ameshajua."

Aliweka mchi chini. Akafuta mikono kwenye suruali, akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kadi na barua iliyokunjwa mara nne. Aliifungua juu ya goti langu. Sahihi yake ilikuwa pale, ndefu, imepigiwa mstari chini. Muhuri wa mwenyekiti ulikuwa pembeni, tarehe ya jana.

"Ulishatia sahihi?"

"Jana, nilipokata simu."

"Basi kwa nini—"

"Ningekuuliza kabla, ungejibu upate karatasi. Sasa unayo. Mbwa ni wako, basi la kurudi lipo. Huna tena kitu cha kuniomba." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Macho yake yalikuwa mekundu, labda moshi wa jiko. "Sasa nakuuliza, si kama afande. Miaka miwili?"

Mukene aliacha kulia.

"Siyo miaka miwili, Baba. Nakwenda kuishi huko. Nitakuja kukuona, lakini kurudi, sirudi."