Mipira Iliyobaki Juu

Kila Jumapili, kabla ya misa ya kwanza, Athanasie alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba na kuutia upepo mpira wa kaka yake. Pampu ilikuwa ya baiskeli. Aliubana mpira kwa magoti, akapampu polepole, akaubonyeza kwa dole gumba, akapampu tena kidogo. Kisha aliupaka samli kwa kitambaa ili ngozi isipasuke. Kazi hiyo aliianza akiwa msichana wa miaka saba, wakati kaka yake Melchior alipokuwa nahodha wa voliboli huko Koleji, shule ya bweni. Sasa alikuwa mwalimu wa darasa la pili mwenye mshahara wake, na bado aliifanya. Hakuna aliyemwambia aache.

Jumapili moja ya Oktoba 1990, sindano ya pampu ikiwa bado ndani ya mpira, Nyiraneza aliingia kwa lango la nyuma bila kubisha. Alikuwa mke wa Silvère, aliyecheza na Melchior huko Koleji na sasa alikuwa fundi wa gereji kule bondeni Gikondo. Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Kingine alikishika mkononi kama mtu aliyetoka nacho kwa bahati mbaya.

"Kaka yako iko?"

Melchior alitoka na povu la kunyolea mashavuni.

"Wamechukua Silvère," Nyiraneza alisema. Alikulia mtaa wa Biryogo, karibu na Nyamirambo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha haraka. "Juzi asubuhi. Wameangalia kitambulisho, wamesoma pale kwenye kabila, basi. Hakuna swali la pili. Iko uwanjani Nyamirambo. Wanalala kwenye majani, mvua juu yao."

Mwanzoni mwa mwezi vita vilikuwa vimeanza mpakani, na usiku mmoja risasi zililia mjini Kigali mpaka kukapambazuka. Tangu hapo watu walitolewa majumbani na kufungiwa katika uwanja wa mpira wa Nyamirambo. Aliyekuwa na mtu mkubwa wa kufika langoni na kusema huyu namfahamu, alitoka. Asiyekuwa naye alibaki. Melchior alikuwa afisa wizarani na gari lake lilikuwa na namba za serikali.

"Shemeji, keti kwanza," alisema. "Silvère ni mikono yangu. Mtu anaweza kuacha mikono yake?"

"Utakwenda leo?"

"Leo Jumapili, wakubwa wote wako kanisani. Kesho, asubuhi na mapema."

Nyiraneza alimshukuru sana, akavaa kiatu, akaenda. Athanasie alichomoa sindano. Alifurahi kuwa na kaka wa namna hiyo, na kwa sababu alikuwa mtu wa haya, alifurahi kimyakimya.

Wanafunzi wa zamani wa Koleji walijiita Wazamani. Walikutana baada ya misa kwenye uwanja wa udongo nyuma ya kanisa la Gikondo, wakacheza na timu yoyote iliyokubali kuja, lakini mchezo ulikuwa kisingizio tu. Walikuja kukumbuka. Kila mmoja alileta kikombe cha bati kama vile vya bwaloni, maana huko Koleji mashabiki walishangilia kwa kugonga vijiko kwenye vikombe. Siku hizi walikuwa na matumbo na madereva, lakini wakifika pale waliitana kwa majina ya bwenini.

"Maharage! Bado unanuka?"

"Nanuka kwa ajili yako, Askofu Mdogo. Nibariki."

Desturi yao kubwa ilikuwa ile ya pumzi. Paseri, yaani mchezaji anayeuinua mpira ili mwenzake aupige, akishaugusa, mashabiki wote walibana pumzi mpaka upigwe. Vijana mia tatu kimya, halafu kishindo, halafu pumzi zote kwa pamoja. Ilisemekana kwamba mtu aliyesimama bondeni aliusikia mlima ukihema. Athanasie aliwahi kuisikia pumzi hiyo akiwa amekaa mabegani mwa Silvère mwenyewe, mechi ikiwa imekwisha na wavulana wakiirudia kwa mzaha ili mtoto acheke.

Hadithi zao zote zilimhusu Silvère. Walisimulia fainali ya 1972, jinsi alivyouinua mpira wa mwisho akiwa amepiga magoti. Kisha walisimulia mwaka uliofuata, walipolikosa kombe. "Paseri aliondoka," walisema. Mwaka ule vijana wa kabila la Silvère walifukuzwa shuleni kwa rungu, naye aliruka ukuta akiwa na shati moja. Wazamani walisema aliondoka, kama mtu aliyekwenda kununua chumvi. Baadaye alipotokea Kigali na kupata kazi gereji, walimpokea kwa nyimbo, wakampa jezi. Kila Jumapili alicheza nao, na kila Jumatatu alilala chini ya magari yao akiyatengeneza.

Jumapili hiyo nafasi yake ilichukuliwa na Mugenzi, kijana aliyemaliza Koleji miaka mitano iliyopita. Wapinzani walianzisha. Maharage aliupokea mpira vizuri, ukapanda kuelekea katikati, karibu na wavu, pale ambapo Silvère alizoea kuungoja. Mugenzi alikimbilia chini yake na kuinua mikono. Mpira ulifika juu kabisa na ukabaki huko.

Mashabiki walikuwa wamebana pumzi. Waliendelea kuibana. Mpira ulizunguka taratibu, kimo cha mtu juu ya vidole vya Mugenzi, na samli aliyoipaka Athanasie iling'aa juani. Hatimaye Nsengiyumva, meneja wa benki na mwenyekiti wa Wazamani, alihema, na wengine wakahema.

"Ruka basi, mtoto wewe!" alipiga kelele.

Mugenzi aliruka. Mpira ulisogea juu kwa kiasi kilekile.

"Haunitaki," alisema.

"Leteni mwingine."

Wa pili nao ulipanda, ukabaki kando ya wa kwanza. Wa tatu vilevile. Mipira iliyopokelewa na wapinzani ilishuka kama kawaida. Mwamuzi alitafakari kidogo, akawapa pointi wapinzani, na mechi ikaendelea hivyo mpaka mipira ilipokwisha.

Baada ya mechi walikula mishikaki na kunywa bia ya Primus chini ya ile mipira. Askofu Mdogo alisema ni baridi, mwaka huu baridi imezidi. Maharage alisema ngozi ya siku hizi ni nyepesi, ile ya Koleji ilikuwa ya ng'ombe wa kweli. Padri alikuja akaangalia juu, akauliza kama itaizuia kengele. Walimhakikishia haitaizuia, naye akarudi ndani.

Jumatatu Melchior aliporudi kutoka kazini alisema mtu aliyetakiwa kuonana naye alikuwa mkutanoni. Jumanne alisema petroli ni ya shida. Jumatano alisema alifika mpaka Biryogo, kizuizi kilikuwa na msururu, akageuza. Alikula vizuri siku zote tatu. Athanasie ndiye aliyempakulia.

Alhamisi, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya hali, alikwenda Nyamirambo na Nyiraneza kupeleka sufuria ya viazi na maharagwe. Alikuwa ameuzoea uwanja ule siku za mechi, ukivuma mpaka vyombo vya jirani vinatikisika kabatini. Sasa ulikuwa umejaa kuliko siku yoyote ya fainali na hautoi sauti. Ukutani kulikuwa na ufa, na kupitia humo aliona watu wameketi kwenye nyasi wamebanana, wazee wenye makoti ya kazini, wanawake, mwanamume mmoja bado na kitambaa cha kinyozi shingoni. Moshi wala mvuke haukutoka pale, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Ilimchukua muda kutambua sababu. Watu wote wale walikuwa wamebana pumzi, na mtoto mgongoni mwa mama yake naye alikuwa ameibana.

Askari wa langoni aliipokea sufuria na kuonja viazi.

"Huyo Silvère wenu ana mtu?"

"Iko na mtu mkubwa," Nyiraneza alisema. "Wa wizara. Atakuja."

"Aje upesi. Jumatatu malori yanawapeleka gerezani, na huko sisi hatujui tena. Akifika hapa aseme neno moja tu, namfahamu, tunamtoa."

Athanasie alisogea. "Mimi namfahamu," alisema, kwa sauti ya kumwambia mtu aliye karibu sana.

"Wewe ni nani?"

"Mwalimu."

"Wa chuo kikuu?"

"Wa darasa la pili."

Askari alicheka bila ubaya. "Rudi kwa watoto, dada. Lete yule mwenye gari."

Jioni alimwambia kaka yake yote, malori, Jumatatu, neno moja. Melchior alimsikiliza akiwa ameweka kijiko chini. Alisema, "Masikini Silvère," na macho yake yakalowa kweli. Kisha akamwuliza kama mpira mpya uliotoka Bujumbura umeshatiwa upepo.

Jumapili iliyofuata mipira ilikuwa palepale. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imeilowesha, na ndege mmoja alikuwa ameanza kujenga juu ya ule wa kwanza. Wazamani walikuwa wameyaweka mambo sawa. Nsengiyumva alitangaza kwamba kuanzia leo mpira utakaobaki juu utahesabiwa kuwa umepigwa, na pointi ni ya aliyeupeleka. Kuhusu pumzi, desturi ililegezwa: mashabiki watabana kwa kadiri ya afya zao. Wapinzani walikubali. Kwa sheria hiyo mpya Wazamani walishinda bila jasho, Mugenzi akiwa amesimama tu chini na mikono mifukoni, na vikombe viligongwa kama zamani.

Kabla ya nyama kuiva, Nsengiyumva aliomba kimya.

"Ndugu zangu," alisema, "hakuna aliyewahi kuuinua mpira kama Silvère wetu. Tulikuwa vijana, hatukuwa na kitu, lakini tulikuwa naye. Tumkumbuke kwa desturi yetu."

Wazamani walisimama wakavua kofia. Walibana pumzi kwa ajili ya Silvère, na wengi walilia wakiwa wameibana, jambo ambalo si rahisi. Melchior alilia kuliko wote. Mabega yake yalitikisika.

Nyiraneza alikuwa amesimama kwenye kona ya uwanja tangu mechi ianze, na leo viatu vyote viwili vilikuwa miguuni.

"Lakini iko hai, jamani," alisema. Aliunyosha mkono ng'ambo ya bonde, ambako mlima wa Nyamirambo ulionekana na mabati yake. "Iko pale tu. Jana wamenirudishia sufuria, imekwanguliwa. Ni mkono yake, najua anavyokwangua. Iko hai."

Wazamani walimtazama kwa huruma. Maharage aliitikia kwa kichwa. Mtu mmoja alimpa mshikaki wenye vipande vinono, mwingine akamletea kiti, na Askofu Mdogo akaanzisha ule wimbo wa Koleji ambao mashabiki waliuimba timu iliporudi na kombe. Wote waliuimba, ubeti kwa ubeti, bila kusahau neno. Nyiraneza aliushika mshikaki mpaka mafuta yakaganda.

Athanasie aliyaona yote hayo akiwa na kikombe mkononi. Aliona kwamba kikombe kile kimebonyea pembeni kwa sababu alikuwa amekikamua, na kwamba bati halikamuliki. Akakiweka chini.

Walirudi nyumbani kwa gari wawili tu. Saa ya amri ya kutotembea usiku ilikuwa bado mbali. Melchior aliendesha akiuvumisha wimbo puani, macho bado mekundu. Walipofika njia panda, upande mmoja ukielekea nyumbani na mwingine ukipanda Nyamirambo, aliwasha taa ya kugeukia nyumbani.

"Simama," Athanasie alisema.

Hakuwahi kumwambia kaka yake neno la namna hiyo. Melchior alisimamisha gari kando ya barabara.

"Malori ni kesho, Kaka."

"Najua. Lakini petroli..."

"Mshale uko juu."

"Kuna vizuizi, Athanasie. Wewe huelewi mambo haya."

"Leo asubuhi tumepita viwili. Walikupigia saluti."

"Leo Jumapili, wakubwa..."

"Askari hakuomba wakubwa. Alikuomba wewe." Sauti yake haikushuka. "Umemlilia mbele ya mke wake. Hapa mpaka langoni si mbali. Ukimaliza tutakula, nitakupikia chochote. Nenda useme unamfahamu. Kwa nini huendi?"

Taa ya gari iliendelea kulialia, tiki, tiki. Mwanamke mmoja alipita na kapu la mkaa kichwani. Melchior alitoa kitambaa, akajifuta macho vizuri, la kulia kisha la kushoto, akakikunja na kukirudisha mfukoni. Alipozungumza alikuwa mtulivu, hata mpole, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba njia ndefu.

"Silvère wa Koleji nampenda," alisema. "Yule naweza kumlilia mpaka kesho. Huyu aliye uwanjani sitaki atoke."