Mpaka Ajue Makumi

Mama Akello alikuja kumtoa mtoto wake shuleni mwanzoni mwa muhula, na wala hakutafuta maneno ya kuzunguka. Alisimama mlangoni mwa gredi ya pili, leso kiunoni, akasema darasa zima likisikia.

"Ticha, huyu mtoto hajui kuhesabu, na amerudia hii darasa. Mimi nikienda Kisumu asubuhi kuchukua mboga, kibanda inabaki bila mtu. Si ni heri akae kibandani huko Kisian auze?"

Mwalimu Nekoye alikuwa na ulimi mwepesi, na mara nyingi ulimi huo ulimtangulia. "Niachie, Mama. Niachie mpaka ajue makumi."

Alidhani amepiga hesabu vizuri. Mzazi akishaona mtoto anajua, atamtoaje tena? Ndivyo walimu tunavyojidanganya, tunadhani kila mtu anaitazama shule kwa macho yetu. Mama Akello aliyapima yale maneno.

"Mpaka ajue makumi," akarudia. "Sawa, Ticha." Akaenda zake. Akello mwenyewe alikuwa nje akicheza, na hakuna aliyemweleza kwamba amewekewa masharti.

Nekoye alikuwa na maboksi matatu aliyoyaokota dukani, akayaandika Mamoja, Makumi na Mamia. Vijiti walivikata wenyewe kutoka kwenye matete ya ufukweni, na vya kufungia vilikuwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Kazi ilikuwa rahisi: vijiti vikifika kumi, vifunge, fungu lihamie kwenye boksi la makumi. Watoto walishika haraka. Akello alifunga kwa kasi kuliko wote, vidole vyake vilizoea, lakini kila jibu lake lilikuwa makosa. Mwalimu Gordon wa darasa la jirani alipita, akachungulia, akasema kichwa kingine ni cha kubeba mzigo tu. Chai ya siku hiyo Nekoye aliinywa peke yake.

Jioni alifungua mafungu ya Akello moja moja. La kwanza lilikuwa na vijiti kumi na kimoja. La pili kumi na kimoja. Yote yalikuwa hivyo. Nekoye akakaa chini. Asiyejua kuhesabu hukosea kila mara kivyake, huyu alikuwa anakosea kwa usahihi kabisa.

Kesho yake alimwita. "Akello, hiki kijiti kimoja ni cha nini?"

"Ni nyongeza, Ticha," mtoto akasema, akishangaa kuulizwa. Mama yake alikuwa anapanga majani kumi ya sukuma, kisha anachomeka moja juu, anafunga yote pamoja. Mteja asiyepewa nyongeza harudi, hilo kila mtu Kisian alilijua. Tangu azaliwe Akello hakuwa ameona fungu lililofungwa bila nyongeza.

Nekoye alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akaona aibu, maana alikuwa ameshaanza kumwamini Gordon. "Hapa hakuna mteja," alimwambia. "Fungu ni kumi. Ikizidi moja, inabaki kwenye boksi la mamoja."

"Hata kama ni mtu unamjua?"

"Hata kama."

Akello alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu mchoyo, lakini akakubali. Na kuanzia hapo mambo yakafunguka. Alifunga, alifungua, akabadilisha fungu kuwa mamoja wakati wa kutoa, akawasahihisha wenzake bila huruma. Nekoye alimpenda waziwazi, na furaha ile ilimlevya kiasi kwamba yale masharti yalimtoka kichwani. Yalimrudia siku Mama Akello alipotokea tena mlangoni.

"Ticha, nasikia huko nyumbani anahesabu mpaka mabati ya paa. Sasa anajua makumi?"

Watoto wawili wa darasa hilo walikuwa wameshaondoka hivyo hivyo, na hakuna aliyerudi. "Bado, Mama," Nekoye alisema. Ulikuwa uongo, na aliusema bila kupepesa. "Bado kidogo."

"Najua, Ticha!" Akello alikuwa amesimama dawatini, ameumia kweli. Alidhani mwalimu amesahau.

Kabla Nekoye hajasema neno, mama alitumbukiza mkono kwenye boksi, akateka vijiti na kuvimwaga mezani. Akello akaja mbele. Vidole vikakimbia. Fungu, fungu, fungu, na vijiti vikabaki pembeni.

"Makumi matatu, mamoja manne. Thelathini na nne."

Mama alivihesabu vyote upya, kwa kidole, taratibu. Alipomaliza aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kumbe umemfundisha vizuri. Asante sana, Ticha." Hakuwa anamkejeli. Makubaliano yalikuwa makubaliano, naye alikuwa ametimiza upande wake.

"Hajafika mamia," Nekoye akasema. "Mama, kuna mamia bado."

"Kwa kibanda yangu hakuna mia, Ticha. Sijawahi kuuza mia." Akamgeukia mtoto. "Nyathina, mwanangu, chukua begi."

Akello hakuchukua begi. Alikuwa bado amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, akimtazama mwalimu wake usoni. Alikuwa anangoja kuambiwa kama amepata. Darasa lote lilikuwa linangoja.

"Umepata," Nekoye akasema. "Umepata yote."

Watoto wakampigia makofi, na Akello akatabasamu, akaenda kuchukua begi.