Blanketi Ndani ya Spika

Josefina aliyachukia yale maspika tangu siku yaliposhushwa kwenye lori lililotoka Kasanga, kule ziwani. Mawili, yanamfika kifuani, mazito kama magunia ya ulezi. Mumewe Theodory, fundi redio hapa Sumbawanga mjini, aliyapata kwa wavuvi waliovusha mizigo ya Mgiriki mmoja aliyehama Kongo. Yamezeeka, vitambaa vimetoboka, lakini ungemwona mtu anavyoyapapasa! Mkewe hajapapaswa hivyo tangu harusi.

Basi nyumba ikawa ya maspika. Theodory akabadilisha nyaya, akabadilisha sumaku, akapiga msasa mbao mpaka zikang'aa. Ukimwuliza habari za chumvi, anakujibu habari za besi. Na ubaya wenyewe ni huu: siku alipoyaunga na betri ya lori akaweka santuri, Josefina alisikia ngoma ikimpiga tumboni, na mtoto akageuka humo ndani. Ilikuwa tamu. Alijichukia kwa kuiona tamu, na yale madude akazidi kuyachukia.

Maana alikuwa na mimba ya miezi minane, na baridi ya Juni huku Ufipa haina mzaha. Hilaria, mtoto wao wa kwanza, alikufa kwa kichomi Juni kama hii, hajatimiza hata siku arobaini. Safari hii Josefina aliapa mtoto hatapigwa na baridi. Lakini miaka ile ya vijiji vya ujamaa, blanketi hukuingia dukani ukachagua. Lilikuja kwa mgawo, tena jina lako liwe kwenye orodha. Alipanga foleni siku mbili, miguu imemvimba, akapata moja la sufu, zito, jekundu. Akalikunja sandukuni chini ya kitanda. Hakuligusa hata usiku alipotetemeka yeye mwenyewe.

Jumapili mchana akafungua sanduku alianike blanketi. Tupu.

Sebuleni wageni wamejaa, santuri inalia, Theodory anatamba. Mbele kabisa amekaa Urbano, jirani yao ambaye mkewe alijifungua juzi tu, mdomo wazi kwa raha.

"Baba Hilaria, blanketi liko wapi?"

"Ngoja wimbo uishe, mke wangu."

"Nimekuuliza, liko wapi?"

Wala hakuona haya. "Limo ndani ya spika. Besi ilikuwa inavuma ovyo, sasa imetulia. Hebu sikia mwenyewe! Mtoto bado mwezi mzima, tutatafuta jingine."

"Utalitafuta wapi? Kaburini kwa Hilaria?"

Wageni wakainamisha macho. Josefina akachukua bisibisi mezani, akazunguka nyuma ya spika, akafungua skrubu moja moja mpaka ubao ukatoka. Blanketi limo kweli: limekatwa vipande vipande, limegongomelewa misumari, limekakamaa kwa gundi. Alivuta kipande, kikamchanikia mkononi. Hapo ndipo alipookota nyundo.

Theodory akaruka, akasimama mbele ya maspika, mikono ameitanua. "Nipige mimi! Mimi nipige, haya usiyaguse!"

Josefina akamtazama usoni. Hakuwa anatania, mwanamume yule. Siku Hilaria anakata roho, alikuwa kibandani kwake anachomea redio za watu, akaitwa mara tatu ndipo akaja. Leo kwa mbao na sumaku yuko tayari kufa.

Akaiweka nyundo chini. Akafunga kanga zake kwenye furushi, akatoka kwenda kwa kaka yake kijijini Mollo, hakuaga mtu. Wala hakuna aliyemzuia. Hajamaliza hata kuvuka uwanja, nyuma yake santuri ikaanza tena, ikavuma vibaya, ikazimwa.

"Mmesikia wenyewe?" Sauti ya mumewe ilitoka dirishani, imejaa uchungu wa kweli. "Blanketi likipungua kipande tu, hamna kitu. Nani analo nyumbani kwake?"

"Mimi ninalo," akasema Urbano, akainuka kwenda kulileta.