Maandazi ya Siku ya Mvua

Mvua ikinyesha, watoto wa mtaa wa Los Aromos hawaendi shule. Ndivyo ilivyo huku kusini mwa Santiago, na hakuna anayeona ajabu. Barabara zinafurika maji ya matope, viatu ni pea moja, na mama akichungulia alfajiri akaona wingu limeifunika milima yote, anamvutia mtoto blanketi mpaka masikioni, anawasha jiko la mafuta ya taa, basi. Shule itakuwepo kesho.

Nolfa Catrileo alikuwa mpishi wa shule ya manispaa ya mtaa huo kwa miaka kumi na minane, na zamani mvua ilikuwa nafuu yake: anapika sufuria ndogo, anakaa karibu na moto, anafuma soksi. Mwaka ule ninaousimulia, kila aliposikia matone juu ya bati alianza kuhesabu watoto.

Sababu ni hii. Serikali hailipi shule kwa ajili ya majengo wala walimu. Inalipa kichwa, tena kichwa kilichokaa darasani asubuhi jina linapoitwa. Mtoto akihama, ruzuku yake inahama naye. Akilala nyumbani kwa mvua, siku hiyo shule haipati kitu. Sheria yenyewe ilikuwepo tangu Nolfa hajaolewa, ila shule ilipokuwa na watoto mia saba haikumuuma mtu. Ilianza kuuma ilipofunguliwa shule ya San Jacinto, ng'ambo ya barabara kuu.

San Jacinto ilikuwa mali ya bwana mmoja aliyewahi kuwa na maduka ya viatu. Ilipokea ruzuku ileile ya serikali, na wazazi wakaongezea kidogo kila mwezi. Ilikuwa na uzio wa chuma, chumba cha kompyuta, na sketi za rangi ya damu ya mzee ambazo ungeziona kutoka mbali mtoto akivuka barabara. Lakini haikumchukua kila aliyebisha hodi. Mtoto alipewa mtihani, mzazi akahojiwa, na karani alitaka kuona cheti cha ndoa ya kanisani.

Nolfa alikuwa na watoto wawili. Yasna, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa na akili ya kumtisha mama yake. Katika shule ya manispaa mwalimu wa hesabu aliugua tangu Mei mpaka Septemba, hakuletwa mwingine, na Yasna alikaa miezi ile akinakili kurasa za kitabu kwa mwandiko mzuri bila mtu wa kumwuliza swali. Mdogo wake, Elías, wa miaka tisa, alikuwa na shida ya kusoma. Mistari ilimchezea. Mwalimu wake, Bi Mireya, alimkatia kipande cha kadibodi chenye mwanya mwembamba, akimfundisha kukiweka juu ya ukurasa ili aone mstari mmoja tu. Kwa kadi ile Elías alisoma. Polepole, kidole kikifuata mwanya, lakini alisoma.

Nolfa aliwapeleka wote wawili San Jacinto kufanya mtihani. Cheti cha kanisani hakuwa nacho, alifungishwa ndoa serikalini, na mume mwenyewe alikuwa kwenye migodi ya kaskazini na simu zake zilikuwa zinazidi kuwa fupi. Kwa Yasna walilisamehe hilo. Alipata alama ambazo karani alizisoma mara mbili. Kwa Elías walisema nafasi zimejaa. Mtihani ulikuwa ukurasa mzima wa maandishi madogo, na walimkataza kutumia kadi yake.

Nolfa akamhamisha Yasna, akambakiza Elías.

Na lisemwe lililo kweli: kwa Yasna hakujuta hata siku moja. Kabla mwaka haujafika katikati msichana alikuwa anamweleza mama yake milinganyo wakati wa chai ya jioni, akichora kwa kisu juu ya mkate uliopakwa parachichi. Mwalimu wa sayansi alimwambia anaweza kuwa mhandisi. Hakuna mtu katika ukoo wa Catrileo aliyewahi kuambiwa anaweza kuwa kitu kama hicho, na Nolfa alilala na neno lile kama mtu aliyelala na chupa ya maji ya moto miguuni.

Ila mtaa una macho. Sketi ya damu ya mzee ilipotoka nyumbani kwa mpishi wa manispaa, watu walisema: hata yeye anayekula huko amemtoa wake. Familia kumi na moja zilihama kabla ya Aprili kwisha. Nolfa aliwajua kwa sahani. Kila Jumatatu alitoa sahani chache zaidi kabatini.

Mwezi wa Mei mwalimu mkuu, Bi Adriana, mwanamke mwembamba aliyezoea kuvaa koti ndani ya ofisi yake mwenyewe, alimwita Nolfa na kufunga mlango. Manispaa imeandika barua. Watatazama mahudhurio ya Juni. Wastani ukishuka chini ya watoto mia na ishirini kwa siku, shule itafungwa Desemba, na watoto watapelekwa shule nyingine ya manispaa, mabasi mawili kutoka pale.

"Tuna mia na thelathini na nne kwenye daftari," Bi Adriana alisema. "Kukiwa kukavu tunafika. Juni na mvua zake, Bi Nolfa, unaijua mwenyewe."

Nolfa aliijua. Akafikiria Elías kwenye mabasi mawili, na darasa la watoto arobaini na tano asimokuwemo Bi Mireya.

"Nipe maboga," akasema. "Na mafuta. Siku ya mvua nitakaanga."

Kila nyumba pale mvua ikinyesha hukaangwa sopaipilla, maandazi bapa ya boga, ya moto, yenye rangi ya machungwa. Ni chakula cha kukaa ndani. Hakuna mtoto aliyewahi kuyala shuleni, kwa sababu siku ya maandazi ndiyo siku ya kutokwenda shule. Nolfa aliamua kuyahamishia shuleni.

Mvua ya kwanza ya Juni ilipoanza, alikuwa jikoni saa kumi na moja alfajiri. Saa moja na nusu yeye na Bi Mireya walitoka na miavuli na ndoo iliyofunikwa kitambaa, wakapita mlango kwa mlango. Hakusema neno kuhusu daftari. Alifunua kitambaa tu, harufu ikaingia ndani, na watoto wakaanza kutafuta viatu. Mzee mmoja alimwuliza kama wajukuu wakiwa wagonjwa babu yao anaweza kuwawakilisha. Wakacheka, akampa mawili. Siku ile walihesabu mia na ishirini na sita. Mvua ya pili, mia na ishirini na mbili.

Mvua ya tatu ilikuja na upepo. Usiku Elías alikohoa, na asubuhi paji lake lilikuwa na moto kidogo. Nolfa alisimama juu ya kitanda akiwa amevaa koti tayari. Angewezaje kuwatoa watoto wa watu kwenye blanketi na kumwacha wake ndani? Akamvika fulana mbili na mfuko wa plastiki juu ya kila soksi. Elías hakulalamika. Aliuliza tu kama maandazi yatakuwepo, akaweka kadi yake mfukoni.

Mlango wa sita ulikuwa wa Rosenda, mshona nguo, jirani yake wa miaka mingi, mwenye watoto watatu katika shule ya manispaa. Rosenda alifungua nusu. Aliitazama ndoo, kisha akamtazama Elías aliyesimama akitiririka maji.

"Shoga, mtoto anaumwa huyo," akasema.

"Ana kikohozi tu. Waamshe wanao, Rosenda, kuna moto, kuna cha kula. Leo tunawahitaji."

"Mnawahitaji." Rosenda alitikisa kichwa. Aliuliza kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliomchoma Nolfa. "Yasna yuko wapi leo?"

"Shuleni."

"Shule ipi?"

Nolfa alihamishia ndoo mkono wa pili. Maji yalimwingia shingoni.

"Ulimtoa kwa sababu gani, niambie mimi, usimwambie mwalimu mkuu."

"Alikuwa anaweza zaidi, Rosenda. Alikuwa anaoza pale."

"Basi na wangu waoze ili wako mdogo apate pa kukaa?" Rosenda alichukua andazi moja kwenye ndoo, akampa Elías, akamfungia zipu ya koti mpaka kidevuni. "Mrudishe mtoto nyumbani, mama. Sikukasirikii. Ningekuwa na mwenye kichwa kama cha Yasna ningefanya vilevile."

Akafunga mlango.

Nolfa hakumrudisha. Majina yalipoitwa walihesabu mia na kumi na saba tu, na Elías alikuwa mmoja wao. Alikaa darasani siku nzima kando ya dirisha lililopasuka, nguo zikimkaukia mwilini. Usiku ule alipanda homa, na zahanati wakasema mapafu. Alilala siku kumi na tatu. Kila asubuhi jina lake liliitwa, na kila asubuhi Bi Mireya alilazimika kuandika kwamba hayupo. Watoto watatu wa Rosenda walihamia shule mpya yenye geti la buluu, iliyomchukua yeyote na kugawa mikoba bure. Wastani wa Juni ulitoka mia na kumi na tisa.

Nolfa alipiga hesabu ile kwenye meza ya jikoni mara nyingi kuliko ilivyofaa. Siku kumi na tatu za Elías peke yake hazikufika kichwa kimoja cha mwezi. Na wale watatu wa Rosenda je, na zile familia kumi na moja za Aprili? Kila alipofika kwenye Aprili aliona sketi imeanikwa kwenye kamba, akaacha.

Bi Adriana alikwenda manispaa mara tatu kuomba, akirudi kila mara na koti lake mkononi. Desemba shule ilifungwa. Nolfa alisugua sufuria kubwa kama vile Machi, masomo yakianza tena, ingetumika, akakabidhi funguo.

Kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza alivuka tena barabara kuu, akasimama kwenye dirisha la karani wa San Jacinto. Alisema ana binti humo, wa kwanza darasani. Karani alimjua, alimsifia Yasna kwa moyo mweupe. Kuhusu mdogo, nafasi zimejaa. Shule ya geti la buluu ilimpokea Elías kwa wiki tatu, kisha ikamwita mama: mtoto anavuta alama za darasa chini, na alama hizo hutangazwa gazetini. Angekuwa na raha zaidi kwingine.

Jioni ile Yasna aliweka kikombe chini. "Nitatoka San Jacinto. Nitakwenda naye huko mabasi mawili. Nitamsomea njiani."

"Hutoki," Nolfa alisema.

"Mama, yeye hana mtu."

"Na wewe ukitoka nitakuwa nimewapoteza wawili. Kunywa chai."

Yasna alilia bila sauti. Elías alimsogezea mkate wake. Hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini, na huenda ndiyo sababu hakusema.

Basi Elías alikwenda peke yake shule ile nyingine ya manispaa, mabasi mawili, akiwa na namba za mabasi zimeandikwa kwenye mkono wa koti kwa ndani. Mwalimu mpya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto arobaini na saba, na alimwambia Elías aiweke kadi mkobani kwa sababu wenzake wanamcheka. Ikakaa mkobani.

Mvua ya kwanza ya Juni ilipokuja, Nolfa aliamka saa kumi na moja kwa mazoea. Sasa alikuwa anasafisha ofisi za watu mchana, asubuhi hakuwa na kazi. Alimenya boga. Yasna alitoka na mwavuli, sketi yake ikionekana mpaka mwisho wa barabara.

"Elías, amka. Basi linapita."

"Mama, leo mvua," akasema kutoka ndani ya blanketi.

Nolfa alisimama na unga mikononi. Alitaka kumvuta, akakumbuka fulana mbili na mifuko ya plastiki. Akarudi kwenye karai. Alikaanga, akitega sikio mlangoni. Saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu. Kule mbali jina la Elías lilikuwa limeshaitwa, na hakuna mtu pale aliyejua anaishi wapi. Aliyekuwa akipita mlango kwa mlango siku za mvua alikuwa Nolfa mwenyewe.

Aliepua la mwisho, akahesabu, akakuta amekaanga arobaini.

Elías aliketi mezani na blanketi begani. Alikula manne. Kisha akamwuliza mama yake kama kesho itanyesha tena.

"Redio imesema wiki nzima," Nolfa alimjibu, akamsogezea sahani.