Namba ya Siri Aliyoiweka Everaldo

Ivonete aliporwa simu huku akiitazama. Alikuwa amesimama nje ya duka la dawa, mtaani Santa Cecília, akisoma ujumbe wa msimamizi wake, mtu wa baiskeli akapita, na mkono wake ukabaki umekunjwa vilevile, hauna kitu. Mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha ndiye aliyemtukana mwizi kwa niaba yake. Ivonete aliteremka ngazi za stesheni ya treni, akaenda kazini kwenye jiko la shule, akamenya viazi hadi adhuhuri, ndipo akamwambia mpishi mwenzake, Zuleide, kwamba ameibiwa.

Tangu homa ya dengi imchukue Everaldo, mwanawe wa pekee, mambo yalikuwa yakimfikia hivyo: yamechelewa na yamepoa. Siku ya mazishi aliwamiminia watu kahawa kwa mkono usiotetemeka, wakamsifu kwa moyo wake mgumu. Haukuwa moyo mgumu. Ilikuwa ganzi kama ile ya kwa daktari wa meno, unajua kinachong'olewa ila hukisikii.

Jioni mdogo wake, Cleuza, alikuja na simu ya zamani ya kumwazima na laini mpya yenye namba ileile. Akaingia kwenye akaunti ya dada yake, akaitangaza ile iliyoibwa kuwa imepotea, na namba ya kumpigia mwenyewe ikatokea kwenye skrini yake. Akapiga simu benki, akalia kidogo, akapika wali. Walipokuwa wakila alipanda Tarcila, jirani wa ghorofa ya chini, ambaye hutengeneza simu kwenye kibanda huko Santa Ifigênia. Alitaka kujua kama simu ilikuwa wazi ilipoporwa.

Ilikuwa wazi. Tarcila akamwambia asihofu sana, kwani simu za aina ile hutambua mshtuko wa kunyakuliwa na hujifunga zenyewe. Kilichobaki ni namba ya siri. Namba hiyo, pamoja na akaunti ya simu, aliiweka Everaldo siku alipomletea mama yake ile simu, akamfundisha mpaka akaikariri, akamwonya asimtajie mtu, hata padri.

"Picha zake zimo humo," Ivonete alisema.

Cleuza akauliza kama kuna nakala mtandaoni. Hakukuwa na nakala. Kwa muda mrefu simu ilikuwa ikimwambia kwamba nafasi imejaa, naye alikuwa akiufuta ujumbe huo kama anayefukuza nzi.

Kesho yake ulikuja ujumbe wenye salamu nzuri, kwamba simu yake imepatikana, aandike namba yake ya siri ili arudishiwe. Tarcila aliutazama mara moja akasema hao ni wezi wenyewe. Ivonete hakujibu. Ndipo mtu akapiga.

"Mama, mimi siye niliyekuibia. Mimi nimeuziwa tu."

"Sawa."

"Bila namba, hiki kwangu ni kigae. Hata wa kuninunulia simpati."

"Sawa."

"Mbona sawa, sawa tu? Wenzako huwa wananitukana." Kisha akauliza, "Huyu kijana kwenye skrini ni nani wako?"

"Mwanangu. Amekufa."

Mtu yule akasema pole, na ilionekana kama anaimaanisha. Kisha akasema basi bila shaka picha za marehemu zimo humo. Ampe namba, naye atamtumia zote leo hii, simu abaki nayo yeye. Ivonete akamwambia atafikiria.

Akafikiria kweli. Alimwuliza Tarcila ingekuwaje wakiifungua kwa bisibisi na kutoa kumbukumbu yake.

"Watapata uchafu mtupu, mama. Kila picha imevurugwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe umefungiwa ndani ya chipu, hautoki. Namba yako ndiyo inayouamsha. Hata waliotengeneza simu hawawezi."

"Wakibahatisha?"

"Kila wakikosea itawasubirisha zaidi. Watazeeka. Lakini ukiwapa namba wataingia benki, watakopa kwa jina lako, watawaombea hela ndugu zako wote. Na picha hawatakutumia."

Cleuza akamshika mkono dada yake, akamsihi asimpe. Ivonete akasema hampi. Alisema hivyo kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Mtu yule akawa anapiga kila siku, saa ya kugawa chakula cha watoto. Siku nyingine alibembeleza, siku nyingine akatishia kuitupa simu mtoni. Mara moja alimwuliza kama amekula. Mara nyingine akasema, "Kijana wako alikuwa na mwanya mzuri, kama wa dada yangu," na Ivonete akakaa na maneno hayo mchana kutwa kama mtu aliyemeza mfupa. Akagundua kwamba simu ya kuazima haimtoki mfukoni mwa aproni. Alikuwa akimsubiri.

Jumamosi akamwambia Cleuza amwonyeshe jinsi ya kuifuta kwa mbali ile simu iliyoibwa. Cleuza alikataa. Tarcila naye akasema hakuna haja, imefungwa tayari, hakuna atakayeona kitu.

"Najua," Ivonete alisema. "Nimechoka kungoja."

Tarcila akamweleza polepole kwamba haitafuta picha mojamoja. Itautupa ufunguo tu, na papo hapo kila kitu kitakuwa uchafu hata kwake yeye. Ivonete akabonyeza. Ikamwuliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Skrini ikaandika kwamba amri inangoja kifaa kiwashwe. Akaenda kuanua nguo.

Jumatatu alikuwa akipakua maharage simu ilipoita.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeifuta."

"Na picha?"

"Zote."

"Mimi ningekutumia. Nakuapia."

"Huenda."

"Sasa hata kuanza haianzi. Inataka akaunti yako. Nani aliyeiweka hivi?"

"Everaldo," akasema.

Hakuwa amelitamka jina hilo tangu makaburini. Watu walipomtajia, alikuwa akiitikia kwa kichwa; mwenyewe alisema "mwanangu", au hakusema kitu. Sasa lilimtoka kwa sauti ya kawaida, katikati ya mvuke wa masufuria, akimwambia mwizi. Yule mtu akasema jambo jingine ambalo hakulisikia, kisha akakata.

Akakaa juu ya gunia la mchele, mwiko mkononi, mchuzi ukimdondokea kiatuni. Zuleide akauliza ni nani aliyepiga. Ivonete akasema hamjui, ni mtu tu. Zuleide akauchukua mwiko, akamaliza kugawa chakula peke yake, wala hakumwambia ainuke.