Mayai ya Mwamba Mnene

Dada yangu Obdulia hana roho mbaya. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitamkasirikia, na hasira zangu hazijui kuchagua.

Siku tuliyomzika mdogo wetu Lucila, Obdulia alimweka kitako mume wa marehemu, Anselmo, pale jikoni, akamwambia wazi.

"Shemeji, mwanao Yareli ana miaka sita, na wewe unashinda chini ya maji. Nakupa mpaka misa ya mwaka wa marehemu. Siku hiyo nitakuja na basi kutoka Ensenada. Nikikuta umeweza kumlea, nitakula, nitasali, nitarudi zangu. Nikikuta hujaweza, naondoka naye."

"Kwani mwanamume hawezi kulea?"

"Umemwona wapi?"

"Namwona kila siku. Pale Mwamba Mnene."

Alikuwa akimsema garibaldi, samaki wa miambani. Kila mzamiaji wa kwetu Puerto Cenizo ana garibaldi anayemwita wake, na wa Anselmo alikuwa dume mmoja mkongwe, mpana kama sahani, rangi ya chungwa lililoiva hadi linaumiza macho, na hasira za mlevi. Dume huyo ndiye mwenye nyumba. Huchagua ukuta wa mwamba, akang'oa kila kinachoota isipokuwa mwani mwekundu, na mwani huo anautunza mwaka baada ya mwaka. Jike huja, akakagua kama mama mkwe, akataga mayai ya manjano, kisha dume mwenyewe humfukuza asije akayala. Tangu hapo ni yeye peke yake. Anayapepea, anasaga meno, anauma hata vidole vya binadamu, mpaka watoto watoke.

"Yule ni samaki, Anselmo," dada yangu alisema, wala hakucheka.

Mwaka ule nilimwona shemeji yangu akijifunza kusuka nywele. Alimsuka Yareli kwa fundo la kamba ya boti, mtoto akaenda shule kama aliyefungwa gatini, nami nilimcheka hadi akanirushia kitana. Lakini alijifunza. Kila jioni alirudi kabla jua halijazama, akapika maharage, akasimulia habari za chini ya maji. Yareli alipenda zaidi habari za garibaldi wachanga, wale wenye madoa ya buluu yanayong'aa.

"Ya nini hayo madoa, baba?"

"Wakubwa wajue huyu ni mtoto, wasimpige sana."

"Na akikua?"

"Yanafutika."

"Mimi yangu yasifutike haraka."

Misa ya mwaka ikafika. Kwetu, chakula cha siku hiyo mfiwa hukileta kwa mkono wake mwenyewe, na kwa mzamiaji maana yake ni abuloni, wale konokono wakubwa wanaogandamana na mwamba. Obdulia alikwishafika, begi lake halijafunguliwa. Yareli alitusindikiza, mimi na baba yake, ufukweni akiwa na gauni jeupe na misuko miwili iliyonyooka.

"Utarudi kabla ya kengele?"

"Kabla ya kengele, mama."

Tulikwenda wawili. Mimi naangalia mashine ya hewa na kushika kamba, yeye anashuka na mpira wa hewa mdomoni. Yaliyotokea chini alinisimulia baadaye. Abuloni aliwapata upesi, na wavu ukajaa. Basi akafanya tunachofanya sote, na ukitukataza tutakucheka: mwenye wavu uliojaa humvunjia samaki wake nungu mmoja wa baharini, yule wa miiba, kama shukrani. Kwa kuwa kiota kilikuwa kimejaa mayai, Anselmo alimhurumia mzee asiende mbali na kazi yake. Akamvunja nungu palepale, ukingoni mwa kiota.

Harufu ile iliwaita samaki wa mtaa mzima. Wenye mistari, wenye vichwa vyeusi, hata magaribaldi wa miamba mingine, wote wakaja, na nungu alipokwisha wakageukia mayai. Dume alimpiga mmoja, watatu wakaingia nyuma yake. Anselmo akatupa wavu, akajiunga na vita kwa kile chuma cha kubandulia abuloni.

Juu nilivuta kamba: panda. Akajibu: subiri. Nikavuta tena. Subiri. Nilimtukana ndani ya ukungu, nikafikiri ni tamaa ya abuloni. Kisha kengele ya kanisa ikasikika kwa mbali, nami nikavuta kwa nguvu zangu zote. Akakumbuka. Alipanda mbio kama chupa tupu, jambo ambalo mzamiaji humkataza mwanawe kabla hajamfundisha kuogelea, maana apandaye haraka hupooza.

"Kengele imelia?"

"Imelia."

"Washa injini."

Katikati ya njia alinishika bega. "Tacho, miguu yangu siisikii."

Chumba cha presha cha ushirika wetu wa wazamiaji kilimrudishia uhai. Miguu hakikuirudisha.

Siku zote alizokuwa humo, Obdulia alikaa kwenye benchi la nje. Aliposema anaondoka na Yareli, mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilimwita mwizi wa watoto, nikamwambia Lucila anamwona. Aliniacha nimalize.

"Tacho, nimwache na nani? Na wewe unayeshinda baharini?"

Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi ya basi, Anselmo alimsuka mwanawe akiwa kitandani, mtoto amekaa katikati ya magoti yasiyomhisi.

"Madoa yangu yamefutika, baba?"

"Bado. Yapo yote."

"Basi mbona naondoka?"

Anselmo alikaza msuko, akaufunga kwa mpira. "Nimekaza ili usifumuke njiani," alisema. Dada yangu alikuwa mlangoni, analia, begi mkononi.

Siku hizi ninazamia mimi. Jioni napita kwa shemeji, na kabla sijakaa ananiuliza.

"Umefika Mwamba Mnene?"

"Nimefika."

"Yupo?"

"Yupo. Ameniuma kidole."

Hapo hucheka kidogo. "Na kiota?"

"Kitupu. Lakini anakisafisha. Kijani kikiota tu anakichomoa, anakipeleka mbali, anakitema."

Kisha Anselmo huniomba nimletee blanketi dogo lililoanikwa uani. Hulikung'uta, hulikunja pembe kwa pembe, hujisukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi kwenye kile kitanda kifupi cha Yareli, na kulilaza juu ya mto.

"Lisije likashika unyevu," husema. Kesho yake nalikuta uani tena.